Jiko la Mavyaa na Mafua ya Kusi

Upepo wa kusi ukishaingia, kuanzia Aprili mpaka kwenye Septemba, bahari ya Lamu huchafuka na watu wa Lamu hukohoa. Masika huja na unyevu usiokauka. Nguo hukaa kwenye kamba kutwa nzima zikabaki mbichi, chumvi hulowa ndani ya kopo, na Julai ikifika, alfajiri huwa na ubaridi ambao mtu wa Limuru angeucheka, lakini kwetu sisi tuliozoea joto ni baridi ya kutafutia shuka la pili. Ukipita karibu na msikiti wakati wa sala ya alfajiri utasikia chafya safu kwa safu. Na katika darasa la chekechea ninalosomesha, mtoto mmoja akija Jumatatu na kamasi, Ijumaa haifiki ila tumeshagawana sote, mwalimu akiwa wa mbele.

Kazi ya mwalimu wa chekechea ni koo. Unaimba, unahadithia, unaita majina, unatuliza kilio huku na kuamua ugomvi kule, na yote ni kwa sauti. Koo likikauka, kazi imesimama. Kwa hiyo kila kusi, kwa miaka mingi, nilikuwa na dawa yangu moja: vile vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili. Nilivinunua dukani vya kuhesabu, kulingana na pesa iliyokuwamo mkobani, bila karatasi ya daktari, kama alivyovinunua mamangu kabla yangu na kama wanavyovinunua majirani mpaka leo. Nikipata nafuu, vilivyobaki nilivifunga katika pembe ya leso vikangoja mafua ya pili. Nilivimeza kwa imani kamili, kwa sababu kila nilipovimeza nilipona.

Ushuhuda wangu ni wa namna nilivyoiacha desturi hiyo. Walioniachisha ni watu wawili ambao hawakuwahi kukutana ana kwa ana: mavyaa wangu, mama asiyekanyaga skuli, na muuguzi wa kituo cha afya, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Maneno yao yalikutana jikoni kwangu.

Ulikuwa mwaka 2020. Machi 13 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, na siku mbili baadaye ikaja amri ya kufunga skuli. Watoto wangu wa chekechea walitawanyika majumbani, nami nikabaki na mikono mitupu. Kafyu iliyofuata haikuwa mpya kwetu watu wa Lamu, maana tulishaishi chini ya kafyu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014. Kilichokuwa kipya ni hofu ya kikohozi. Mtu akikohoa kwenye mashua ya kutoka Mokowe, abiria wote walimgeukia. Mume wangu akasema mamake hawezi kukaa peke yake Siyu wakati kama huo, tukamleta mjini. Alikuja na mizigo miwili tu ya maana, kinu chake cha mti na kopo la viungo, na tangu siku ya kwanza jiko likawa lake.

Mafua yangu ya mwaka ule yalinishika masika yalipokolea. Kabla ya korona ningekwenda dukani moja kwa moja, lakini wakati ule kila dalili ilikuwa na kitisho chake, ikabidi nimpigie simu muuguzi. Aliniuliza maswali yake yote: homa, pumzi, harufu, ladha, nani nimekutana naye. Aliporidhika kwamba haikuonekana kuwa ile tuliyoiogopa, akaniambia nikae ndani hata hivyo, nijitenge, nimpigie hali ikibadilika. Nikamwambia basi nitatuma mtoto aniletee vidonge.

"Vidonge gani, Mwalimu?"

Nikamtajia. Alinyamaza kidogo, halafu akanisomesha kwa upole kama anayezungumza na mama yake. Akasema mafua huletwa na virusi, tena aina zake zinazojulikana zinapita 200. Antibayotiki huua bakteria, na virusi haviguswi nayo hata chembe. Mtego wa panya haushiki papa. Mafua hukaa wiki moja, pengine siku kumi, kisha mwili wenyewe huyashinda. Wewe ukimeza vidonge siku ya tatu na ukapona siku ya saba, utavishukuru vidonge, na kumbe ungepona siku hiyo hiyo bila ya kumeza kitu. Bakteria nao, wale wanaoishi mwilini siku zote, kila wakionjeshwa dawa bila haja huizoea. "Siku utakayopata nimonia ya kweli, Mwalimu, au apate mwanao, dawa itakuwa haifanyi kazi." Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka usugu huo wa vijidudu katika matishio kumi makubwa ya afya ya binadamu. Lakini mimi aliyeniingia ni yule kijana kwenye simu.

Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Akasema: pumzika, kunywa maji mengi, kula vitu vya moto, koo likiuma sana meza dawa ya maumivu ya kawaida. Kisha akaongeza, "Kwani hapo nyumbani hakuna mzee?"

Mzee alikuwapo, na alikuwa ameshabandika sufuria.

Nataka niieleze kazi ya mavyaa kwa utuvu, kwa sababu watu husema "chai ya tangawizi" kana kwamba ni jambo la kutia kipande ndani ya kikombe. Yeye huiosha tangawizi kwa maji mengi, akaikwangua udongo kwenye mapindo, akaitwanga na ganda lake mpaka nyuzi zionekane na maji yake yatoke. Huitia katika maji baridi, si ya moto, ndipo huwasha moto na kuiacha ichemke polepole mpaka maji yapungue na jiko zima linuke. Humo hutia karafuu chache na kijiti cha mdalasini. Akishaepua, hangoji ipoe kabisa wala haharakishi. Huweka kidole ubavuni mwa kikombe, kikivumilika ndipo hutia asali, na ndimu huikamua mwisho kabisa. Nilipomuuliza kwa nini ndimu mwisho, alisema ikichemshwa huwa chungu. Vitabu vingesema pia kwamba joto hupunguza vitamini C iliyomo. Wote wawili wamefika pale pale.

"Nwa, mwanangu, ingali moto."

Nilikunywa. Ile ya kwanza ilinitoa machozi. Ukali wa tangawizi hushuka kooni ukawasha, halafu baada ya kuwasha huja utulivu ambao sikuwahi kuupata kwa kidonge chochote. Pua ikafunguka. Kamasi zilizokuwa zimeganda zikateremka. Nikalala. Kulala ndiko kulikokuwa kumenipotea siku zote nilizotibu mafua kwa vidonge na kurudi darasani mchana ule ule.

Sikuponywa siku ile, na hili nalisema wazi kwa sababu shuhuda nyingi za dawa za asili huharibikia hapa. Mafua yangu yalichukua muda wake. Wakati mwingi wa kufungwa kwa skuli niliutumia kusoma kila nilichokipata juu ya jambo hili kwenye simu, na nikaona kwamba waliopima kwa uangalifu wanasema mambo ya kiasi, tena yanayolingana na nilivyojionea mwenyewe. Chuo Kikuu cha Cardiff, huko Wales, kilikuwa na kituo cha kuchunguza mafua tu, na mwaka 2008 watafiti wake walichapisha matokeo kwamba kinywaji cha matunda kikinywewa cha moto huwapa wagonjwa wa mafua nafuu ya haraka katika koo, uchovu na ubaridi wa mwili, kuliko kinywaji hicho hicho kisipopashwa moto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nao, mwaka 2020, walikusanya tafiti nyingi za asali, wakaona hupunguza ukali na wingi wa kikohozi kuliko matibabu ya kawaida wanayopewa watu. Hakuna aliyesema asali inaua virusi. Wanasema inatuliza, na mgonjwa wa mafua anahitaji kutulizwa.

Asali yetu ina habari zake. Ile bora ya Lamu haitoki visiwani. Hutoka bara, kwa Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, katika msitu unaoanza nyuma ya Kiunga na kuelekea Ijara. Hao ni mabingwa wa asali tangu hapo. Wanaye ndege wao, mlembe, anayewaita kwa sauti na kurukaruka mbele yao mpaka kwenye mzinga, nao wakishapakua humwachia masega na nta apate sehemu yake. Tangu 2015, operesheni ya usalama ya Linda Boni ilipoanza, kuingia msituni kumekuwa na vikwazo na hatari, na asali ile ikawa adimu. Iliyojaa sokoni sasa nyingine ni sukari iliyochemshwa. Watu wana njia zao za kuijua, wengine kwa kiberiti, wengine kwa maji; mavyaa hazitegemei. Ana mtu wake mmoja wa upande wa Hindi, huko bara, anayemwamini, na kama hana, basi chai itanywewa bila asali.

Kuhusu asali, nyumbani kwetu ilitokea hoja ambayo ningependa kila nyumba ya pwani iwe nayo. Wifi yangu alijifungua mwaka uliofuata, na mtoto akiwa mchanga kabisa akapata kikohozi. Mavyaa akachovya kidole katika asali, kama walivyofanyiwa wanawe wote. Kwake asali haina mjadala: Qurani imeitaja katika Sura ya Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Nami nilishaambiwa na muuguzi kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali, hata ya asili, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia, zikatoa sumu ya kulegeza mwili mpaka pumzi. Ni jambo la nadra, lakini likitokea ni zito. Sikuweza kumkatalia mavyaa mbele za watu; kwetu hilo halifanyiki. Nilimwomba tu tumpigie muuguzi pamoja. Kijana wa watu alimwamkia kwa adabu, akamweleza taratibu, akamwambia maziwa ya mama yanamtosha mtoto na kwamba asali ni ya kuwapa wajukuu wakubwa. Mavyaa alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta kidole chake kwa leso, akasema, "Basi ningoje atimize mwaka." Na alingoja.

Nasimulia hili kwa sababu watu wengi wanadhani wazee hawasikii. Wanasikia, wakiheshimiwa.

Chai ni mlango tu. Mafua yakikolea, mavyaa huondoa wali mkavu kwa mgonjwa na kuleta vyakula vya kumiminika. Asubuhi ni uji wa pilipili manga, ule ule wanaopewa wazazi katika arubaini. Mchele hulowekwa, ukatwangwa, ukachekechwa. Pilipili manga husagwa hapo hapo, maana iliyosagwa zamani imeshapoteza harufu. Tangawizi kidogo, sukari kidogo, na tui jepesi la nazi likiwapo. Uji huo hupita kooni pasipo kukwaruza, na ukali wake hubaki kifuani muda mrefu. Mtu asiye na hamu ya kula anaweza kunywa bakuli zima, na hapo ameshapata maji, chakula na joto kwa pamoja.

Mchana ni supu ya kichwa cha samaki. Hupenda tewa, kwa unene wa nyama ya mashavuni. Kichwa kikishaoshwa kwa ndimu na chumvi hutiwa majini pamoja na bizari, kitunguu maji na pilipili mbichi nzima zisizopasuliwa ili atakaye ukali ajipasulie mwenyewe. Kitunguu saumu anakitwanga mapema kabisa, kabla ya kuanza kazi nyingine yoyote, akakiacha kando, akakitia supu inapokaribia kuepuliwa. Nimesoma sababu yake: kemikali yake yenye nguvu, alisini, huwa haimo katika punje nzima, hutengenezeka punje ikipondwa, na moto wa mapema huizuia isitengenezeke. Mavyaa hajui jina hilo. Anajua kwamba kitunguu saumu kilichoungua hakina kazi. Supu hiyo mgonjwa huinywa na kipande cha mkate wa mofa, jasho likimtoka, na puani hapazibi tena kwa muda wa saa nzima au zaidi.

Jioni kuna habasoda. Huchukua kijiko kidogo, akaiponda nusunusu, akachanganya na asali. Imani yake hapa ina msingi katika hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari, nami ni Mwislamu, naiheshimu. Nimejifunza tu kutoizidisha, na mwenye mimba kutoitumia kwa wingi kama dawa. Kabla ya kulala hupakwa kifua mafuta ya simsim yaliyopashwa moto kidogo. Zamani mjini Lamu mafuta hayo yalikamuliwa kwa vinu vilivyozungushwa na ngamia. Siku hizi huyanunua kwenye chupa. Sidhani kwamba mafuta yanaingia kifuani yakafanya tiba. Lakini mkono wa mama mzee ukikusugua mgongo unapokohoa usiku, unalala, na nimekwisha kusema thamani ya usingizi.

Kitu kimoja tulikiacha, nacho ni kuwafukiza watoto. Mwaka ule wa korona kila mtu alijifukiza. Katika nchi jirani ya Tanzania, Rais John Magufuli mwenyewe aliwahimiza wananchi wajifukize; huko Madagaska, Rais Andry Rajoelina alizindua Aprili 2020 kinywaji cha mmea wa artemisia, na baadhi ya nchi za Afrika zikakiagiza. Tangawizi, ndimu na kitunguu saumu vilipanda bei masokoni. Huku kwetu nilishuhudia mtoto wa mtaa wa pili akiungua paja kwa sufuria iliyopinduka chini ya shuka. Mvuke humpa mtu mzima nafuu ya pua kwa muda mfupi, basi. Kwa mtoto hatari yake ni kubwa kuliko faida. Tena korona haikuzuiwa na viungo. Hilo limeniuma sana, kwa sababu wapo watu niliowajua waliokaa nyumbani na sufuria mpaka pumzi ilipowaishia, wakati oksijeni ndiyo waliyoihitaji. Ninayeandika haya naipenda tangawizi, na kwa kuipenda kwangu sitaki ipewe kazi isiyokuwa yake.

Niliyejifunza kwake mpaka huo ni mavyaa mwenyewe. Usiku mmoja, skuli zikiwa zimeshafunguliwa, jirani alibisha mlango na mtoto wake wa miaka miwili begani. Alikuwa amesikia sifa za jiko letu, akaja kuomba "ile dawa". Kinu kilikuwa tayari miguuni mwa mavyaa. Aliinua kanzu ya mtoto, akamtazama kifua kwa mwanga wa simu. Kila mtoto akivuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani, na pumzi zilikuwa za haraka, fupifupi. Mavyaa akakisukuma kinu kando kwa mguu.

"Huyu si wa tangawizi. Mpekeni sipitali, upesi."

Mama yake mtoto akasema labda angepewa kwanza kidogo halafu asubuhi waende. Mavyaa akasimama, mama wa umri ule, akatafuta buibui lake ili atoke nao. Tulikwenda kwa miguu, vichochoro vikiwa giza, mpaka hospitali ya King Fahd. Ilikuwa nimonia. Alipewa oksijeni na sindano za antibayotiki, dawa za jamii ile ile niliyokuwa nikiifunga katika pembe ya leso. Mtoto aliishi. Sasa yuko darasani kwangu, na ni mwimbaji.

Usiku ule nilielewa kwa nini kijana wa simu alinikatalia vidonge. Alikuwa anavilindia mtoto kama huyu.

Mabadiliko mengine ya nyumba yetu ni madogo kwa kuyatazama, lakini yalikuwa mazito kuliko kuacha vidonge. Sisi hula katika sinia moja, na kumtenga mtu chakula ni kama kumwambia si wetu. Lakini mafua hupita kwa mikono na kwa matone ya chafya kuliko kwa upepo wa kusi. Kusi kosa lake ni kutufungia ndani, madirisha yakiwa yamekomewa, tukipumua hewa moja. Sasa mwenye mafua nyumbani kwetu hupewa bakuli lake mwenyewe, zuri kuliko yote ya kabatini, la kaure lenye maua, lililokuwa la harusi ya mavyaa. Yeye ndiye aliyelitoa. Mgonjwa akakaa pembeni kidogo, kwenye kiti, akihudumiwa wa kwanza, na hakuna aliyejisikia kutengwa. Darasani nimeweka ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni, watoto wananawa wakiingia na wakitoka chooni, na nimewafundisha kupiga chafya katika kiwiko. Kamasi hazijaisha. Zimepungua kasi, na wazazi wenyewe wanasema.

Mafua bado yananipata. Kusi hii iliyopita yalinishika nikapoteza sauti, nikafundisha kwa ishara na kengele mpaka iliporudi. Lakini tangu ile simu ya 2020 sijameza antibayotiki kwa ajili ya mafua, na pembe ya leso yangu haina kidonge. Pesa ile hununua ndimu, madafu na kichwa cha samaki. Wenzangu skulini walianza kwa kuniuliza kwenye thermosi yangu mna nini. Sasa asubuhi za Julai chumba cha walimu kinanuka karafuu.

Kwako unayesoma na jiko lako lina kinu: mtumie mzee wako akiwa hai, simama karibu naye anapotwanga, muulize sababu. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kabla ya kula kitunguu saumu kwa wingi. Usimpe asali mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mtoto akipumua kwa haraka na mbavu zikabonyea, akishindwa kunyonya au kunywa, usichemshe chochote, toka naye saa hiyo hiyo. Na wewe mtu mzima, kikohozi kikipita wiki mbili, au kikija na jasho la usiku na kukonda, hicho si cha tangawizi. Nenda kapimwe kifua kikuu. Katika vituo vya afya vya serikali ya Kenya kipimo chake ni bure, na dawa zake ni bure.